Ndoo Chini ya Tangi la Samaki

Nilipokwenda Kigoma kumzika bibi yangu, niliacha nyumbani Tabata samaki kumi na wanane ndani ya tangi la kioo. Niliporudi siku ya tisa nilikuta kumi na watano, chujio limeungua, na maji yameshuka vidole vinne. Mdogo wangu niliyemwachia nyumba alikuwa amewalisha kama nilivyomwagiza, chembe chache asubuhi, jioni hakuna. Hakukosea lolote. Mimi ndiye sikumwambia kwamba tangi nalo hunyweshwa.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Ukizidisha urefu kwa upana unapata kwamba kila sentimita moja ya maji inayopungua ni lita 5.4. Hesabu hiyo ndogo sikuwahi kuifanya kabla ya safari ile, na karibu yote niliyojifunza baadaye yamesimama juu yake. Siku za kaskazi, Januari na Februari, tangi langu hupoteza lita tatu na nusu kwa siku. Kwa siku tisa ni lita 31 na ushee, yaani karibu sentimita sita.

Kinachoyamaliza maji kiasi hicho ni feni. Samaki wangu ni wa Ziwa Tanganyika, wale wanaoitwa kitaalamu Tropheus duboisi. Wavuvi wa kwetu hawahangaiki nao, wao wanatafuta dagaa, migebuka na kuhe. Hawa huishi kandokando kwenye miamba, wakikwangua utelezi wa kijani juu ya mawe. Wakiwa wadogo ni weusi wenye madoa meupe kama mtu aliyenyunyiziwa chokaa. Wakikua madoa hupotea na badala yake unaona mkanda wa rangi ya kung'aa kiunoni. Niliwanunua kwa mfugaji mwenzangu hapa Dar anayewazalisha mwenyewe. Maji ya ziwa waliyozoea wazee wao huwa nyuzi 24 hadi 28 hivi, na sebule yangu mchana wa Februari hufika 32. Kwa hiyo naweka feni ndogo ipulize juu ya maji. Ni jambo lilelile la mtungi wa udongo: maji yanayopaa huondoka na joto, yanayobaki yanapoa. Ukitaka ubaridi, sharti ukubali kulipa kwa maji.

Na chujio liliunguaje? Lilikuwa lile la kuning'inizwa ukingoni, linalovuta maji kwa mrija na kuyarudisha kama maporomoko madogo. Likiwa linafanya kazi mfululizo, maji yakishuka linastahimili. Taabu huja umeme ukikatika. Maji yaliyomo kwenye mrija hurudi tangini, na umeme ukirudi mota inatakiwa kuyavuta upya kutoka chini. Yakiwa yameshuka mno, haifiki, inazunguka kavu mpaka inaungua. Mdogo wangu alikumbuka umeme ulikatika siku ya saba jioni, ukarudi usiku. Tangu usiku huo maji yalitulia tuli, na maji yaliyotulia kwenye joto la Februari hayana hewa ya kuwatosha samaki kumi na wanane. Waliokufa ni watatu wakubwa kuliko wote.

Nilipoanza kutafuta namna ya kuyafanya maji yajiongeze yenyewe, nilikumbuka kuku wa mama. Vifaranga vyake vilinywa kwenye chupa iliyopinduliwa juu ya sahani. Maji ya sahani yakishuka chini ya mdomo wa chupa, hewa inaingia, maji kidogo yanatoka, mdomo unafunikwa tena, yanasimama. Hakuna umeme, hakuna kitu kinachosogea. Nilichukua chupa ya maji ya kunywa ya lita 18, fundi seremala akanitengenezea kiti cha mbao cha kuishikilia juu ya tangi, nikaipindua mdomo ukigusa maji pale nilipotaka yasimame. Ilifanya kazi vizuri. Hata leo mtu mwenye tangi dogo akiniuliza, humwambia aanze na hiyo.

Kasoro yake niliiona baada ya wiki kadhaa. Dirisha letu la sebuleni linaelekea magharibi. Alasiri jua likiipiga chupa iliyobaki nusu, hewa iliyo juu ya maji hupata joto, hutanuka na kuyasukuma maji nje kabla tangi halijayahitaji. Kila jioni nilikuta maji yamepita alama. Nililifunga dirisha kwa pazia zito, ikapungua. Kilichobaki ni kuipindua chupa yenye uzito wa kilo 18 juu ya kioo kila baada ya siku tano. Mke wangu alinitazama mara mbili tatu, kisha akasema, "Baba watoto, hiyo ikikuponyoka, tangi halibaki." Alikuwa amesema kweli, nikaiacha.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka nasisimka. Fundi bomba aliniletea valvu ndogo ya boya, ndugu wa ile iliyo ndani ya tangi la choo cha kuvuta: maji yakishuka boya linashuka na kufungua, yakipanda linapanda na kufunga. Tukaiunganisha kwa mpira mwembamba na bomba linalotoka tenki la juu, la lita 1,000. Nilifurahi sana. Sikuwa na chupa ya kupindua tena, wala ndoo ya kujaza. Nilidhani nimemaliza.

Ilidumu miezi minne. Usiku mmoja saa nane mke wangu aliamka kwenda kumwangalia mtoto, akakanyaga maji mlangoni pa chumba. Sebule nzima ilikuwa bwawa. Nilipomulika kwa simu niliona boya limeinama pembeni, konokono mdogo amejibana kwenye kiwiko chake, mmoja wa wale wanaoingia na majani. Boya halikuweza kunyanyuka zaidi, na kule juu kulikuwa na lita mia kadhaa zinazongoja. Zulia liliharibika. Kilichonitia hofu hasa ilikuwa ekstensheni ya umeme iliyokuwa sakafuni nyuma ya meza, maji yamebakiza upana wa kidole kuifikia, na mke wangu ametoka chumbani miguu mitupu. Nilimwambia asisogee, nikazunguka kwa mlango wa nyuma kwenda kuzima swichi kubwa.

Samaki walipona. Lakini tangu usiku ule sijawahi kukitazama kifaa cha maji kwa jicho lilelile. Mtu akinionyesha chake, simuulizi kinafanyaje kazi. Namuuliza: kikikwama wazi, ni maji kiasi gani yatakayotoka, na yataishia wapi? Kila boya litakwama siku moja, kwa konokono, kwa ukoko wa chokaa, kwa uzi wa mwani. Ulinzi wa kweli ni kiasi cha maji ulichokiweka nyuma yake.

Ndiyo maana sasa nina ndoo. Kati ya alama yangu ya maji na ukingo wa kioo pana nafasi ya sentimita nne, na sentimita nne kwa 5.4 ni lita 21.6. Ndoo yangu ni ya lita 20. Hata pampu ikigoma kuzima na ndoo yote ikamiminika ndani, maji yatafika karibu na ukingo na kusimama. Ukitaka ndoo kubwa zaidi, shusha kwanza alama yako. Ukiunganisha na bomba la nyumba, utakuwa umeifanya nyumba nzima kuwa ndoo.

Ndoo inakaa chini, ndani ya kabati la tangi, na pampu ndogo ya volti 12 ndiyo inayopandisha maji. Vifaa nilivinunua Kariakoo, na fundi redio wa mtaani kwetu, mzee mtaratibu sana, alinisaidia kuviunga. Swichi ya boya la kuwashia pampu ni kitu chepesi: boya dogo lenye sumaku ndani linapanda na kushuka kwenye kijiti, na ndani ya kijiti mna vipande viwili vya chuma vinavyogusana au kuachana sumaku ikipita. Mzee aliniambia, "Kijana, usiiamini moja. Weka ya pili juu yake, umeme upite zote mbili." Kwa hiyo swichi ya chini ndiyo inayofanya kazi kila siku, na ile ya juu, sentimita mbili zaidi, haina kazi ila kukata umeme wa pampu iwapo ya chini imenasa. Ya tatu iko ndani ya ndoo, ili pampu isizunguke kavu maji yakiisha. Somo hilo chujio lilishanifundisha. Waya zote zinaning'inia kwanza chini ya usawa wa soketi ndipo zipande, tone likitiririka lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Ekstensheni nayo imepigiliwa ukutani, juu.

Siku ya kwanza kuiwasha, relei, ile swichi ya umeme inayowasha na kuzima pampu, ilianza kulia tiki-tiki-tiki bila kukoma. Mawimbi madogo ya chujio yalikuwa yakilichezesha boya, pampu inawaka na kuzima kila nusu sekunde. Dawa yake ilikuwa kipande cha bomba la plastiki, kirefu kama kiganja, kimezibwa chini na kutobolewa matundu madogo mawili. Swichi imo ndani. Maji huingia na kutoka polepole, kwa hiyo ndani ya bomba yametulia hata kama nje yanacheza, na konokono hapiti. Kila mwezi nalitoa boya na kulilaza kwenye siki usiku mmoja, ukoko mweupe unatoka wenyewe.

Jambo jingine lilinigharimu saa moja tu, lakini lingeweza kuwa usiku kucha. Ncha ya mpira niliichovya ndani ya maji ili isipige kelele. Pampu ilipozima, maji yalianza kurudi yenyewe kupitia mpira uleule, kutoka tangini kwenda ndoo iliyo chini, kama madereva wanavyofyonza mafuta kwenye gari. Tangi likashuka, boya likawasha pampu, ikapandisha, ikazima, yakarudi. Sasa ncha ya mpira inaning'inia hewani, vidole vitatu juu ya maji. Na ndoo isikae juu kuliko tangi kamwe, maana hapo mchezo unageuka: pampu imezima lakini maji yanaendelea kuteremka mpaka ndoo iishe.

Baada ya hayo yote mfumo ulitulia. Na utulivu huo ndio ulionipotosha kuliko mafuriko.

Zamani, nilipokuwa naongeza maji kwa jagi kila asubuhi, nilikuwa nasimama mbele ya kioo dakika tano. Nilijua nani hali, nani anafukuzwa, nani amekunja mapezi. Nilijua pia kwamba Jumamosi ni siku ya kutoa robo ya maji na kuweka mapya, kwa sababu tangi lililopungua hujionyesha lenyewe kwamba linataka kazi. Tangi linalojijaza halionyeshi kitu. Limejaa Jumatatu, limejaa Ijumaa. Jumamosi moja ikapita, nikasema wiki ijayo. Ikapita miezi mitatu.

Samaki wakaanza kupumua haraka na kujikuna kwenye mawe. Mfugaji aliyeniuzia aliniazima kipimo chake, kile cha umbo la kalamu kinachosoma wingi wa chumvi na madini yaliyoyeyuka. Tulipoanza, maji ya tangi yalisoma 400. Siku hiyo yalisoma 680. Maji ya bomba niliyokuwa nayatia kwenye ndoo yalisoma 210, na mimi niliyaona ni laini, hayana neno. Lakini jua na feni haviondoi madini, vinaondoa maji matupu. Kila lita iliyopaa iliacha mzigo wake tangini, na kila lita niliyoleta ilikuja na mzigo mpya. Lita tatu na nusu kwa siku, siku tisini: ukipiga hesabu unaifikia 680 bila shida.

Huyo mfugaji, mtu wa Kigoma kama mimi, alinieleza kwa mfano ambao nauona ndio sahihi kuliko wowote. Ziwa Tanganyika lenyewe hupoteza maji mengi kwa kupaa hewani kuliko yanayotoka kwa mto. Ndiyo sababu maji yake ni mazito kwa madini kuliko ya mito mingi inayoliingia. Lakini halikugeuka magadi kama Ziwa Natron, kwa kuwa lina mlango mmoja, mto Lukuga, unaotoka upande wa Kongo pale Kalemie. Maji yanayopita Lukuga huondoka na chumvi zake. Natron halina mlango, na kila mtu anajua kilichomo. "Tangi lako," aliniambia, "umelipatia mvua, umelinyima Lukuga."

Jumamosi yangu ya robo ya maji ilirudi siku hiyohiyo. Robo yenyewe niliigawa mara mbili kwa wiki kwa muda, kwa kuwa samaki waliozoea 680 hawapendi kushushwa ghafla. Na ndani ya ndoo nikaacha kutia maji ya bomba. Natia maji ya mvua. Masika nayakinga kwenye bati, nikiacha mvua mbili tatu za mwanzo zipite na vumbi na vinyesi vya ndege, kisha nayahifadhi kwenye pipa lenye kifuniko. Kipimo huyasoma chini ya 15. Pipa likiisha nanunua maji yaliyochujwa kwenye duka la kujaza madumu.

Kisha ukaja Juni. Kipupwe, feni imezimwa, usiku kuna ubaridi. Kwa hali hiyo tangi hupoteza lita moja na nusu hadi mbili tu, na ndoo ingetakiwa kwenda siku kumi. Binti yangu, aliyekuwa darasa la nne wakati huo, ndiye niliyemkabidhi kujaza ndoo. Jioni moja akaniuliza, "Baba, mbona ndoo inaisha haraka siku hizi?" Nikamjibu bila kugeuka kwamba ni upepo wa kusi. Siku mbili baadaye nikiwa napima maji kwa kile kipimo cha kalamu, kikasoma 310, chini hata ya 400 tuliyoanza nayo.

Hapo nilikaa chini. Maji yakipaa na ukaongeza ya mvua, kipimo kinabaki palepale, kwa sababu madini hayakwenda popote. Kikishuka kati ya Jumamosi na Jumamosi, maana yake maji yanaondoka pamoja na madini yake, na hewa haichukui madini. Kulikuwa na sehemu yanakovuja. Nilipapasa nyuma ya tangi, kona ya kushoto chini, vidole vikarudi na maji. Ubao wa kabati ulikuwa umeumuka kama mkate. Kona ile ilikuwa inatoa karibu lita tatu kwa siku, na ule mfumo wangu mzuri ulikuwa unazirudisha lita tatu kila siku, kimya kimya, tangi likiendelea kuonekana zima. Bila ule mfumo ningeliona tangi linashuka siku ya pili.

Samaki walihamia kwenye pipa wiki mbili, na chujio lao. Nilikwangua silikoni yote ya ndani kwa wembe, kona zote nne na chini, maana mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Nilitumia silikoni tupu inayonuka siki ikikauka. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu ni sumu kwa samaki, na dukani zinakaa rafu moja, kwa hiyo soma maandishi. Niliiacha siku saba kabla ya kutia maji, siku nyingine tatu nikiyaangalia.

Kazi iliyofuata niliifanya na binti. Tuliijaza ndoo lita moja moja kwa chupa ya kupimia, na kila lita tukaichorea mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, 1 mpaka 20. Ndani ya mlango wa kabati tulibandika karatasi ya madaftari. Kila jioni kabla ya kula anasoma mstari na kuandika: tarehe, namba, feni imewashwa au haikuwashwa. Sasa tuna mwaka na nusu wa namba hizo. Najua Aprili ya mvua inakunywa chini ya lita mbili. Najua wageni wakija na milango ikashinda wazi inapanda. Ilipotokea siku namba haikusogea kabisa, tulijua boya limenasa kabla maji hayajashuka upana wa kucha. Na kwa kuwa lazima apige magoti kuisoma ndoo, uso wake unakuwa sawa na kioo, na amerudi kuwajua samaki mmoja mmoja, kama mimi zamani za jagi. Yeye ndiye aliyeona jike ameanza kubeba mayai mdomoni, mimi sikuwa nimeona.

Mwezi wa kumi na mbili uliopita nilikwenda tena Kigoma, arobaini ya baba mkubwa. Jioni ya tatu nilishuka Kibirizi kununua dagaa wa kurudi nao. Kwenye ukuta wa nyumba moja ya mwaloni bado unaonekana mstari wa rangi ya udongo, kimo cha goti, maji ya ziwa yalipofika yalipopanda miaka ile ya 2020 na 2021. Mama mmoja aliyekuwa akianua dagaa wake alinionyesha kwa mkono mahali walipokuwa wanaegesha mitumbwi kabla, mahali ambapo sasa ni maji.

Nikampigia binti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umesoma ndoo?"

"Nimesoma. Iko kwenye tisa na nusu. Feni imewashwa. Na yule mwenye mayai leo hajala tena."

Ishirini siku nilipoondoka, tisa na nusu siku ya tatu. Tatu na nusu kwa siku. Nikamwambia keshokutwa ajaze, maji ya pipa, asisahau kufunika.